Chini ya Kiyosaki Kuna Bwana Msa

Ingia katika duka la vitabu mjini, liwe la Dar es Salaam au la Nairobi, useme unatafuta riwaya ya Kiswahili ya kusoma Jumamosi na Jumapili. Kuna uwezekano mkubwa kwamba swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: ya kidato cha ngapi? Muuzaji hana kosa. Rafu yake ya Kiswahili imepangwa na mtihani. Upande wa Tanzania utakuta Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Joka la Mdimu, Orodha na Ngoswe. Upande wa Kenya utakuta vitabu teule vya mwaka huo, na kando yake miongozo ya kuvichambua, mingine minene kuliko vitabu vyenyewe. Vyote hivyo vina wenyewe na vina kazi yake. Lakini mtu mzima aliyemaliza shule zamani, ambaye hana mtihani wa Jumatatu na anataka tu kitabu cha kumkalisha kivulini saa tatu mfululizo, hana rafu yake humo ndani. Rafu yake ipo, ila haimo dukani. Imetandazwa nje, chini, juu ya turubai au gunia lililopasuliwa, na kuifikia lazima uiname. Si ajabu Wakenya wameziita meza hizo, kwa utani, maduka ya "inama". Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa msomaji wa Kiswahili, vitabu vya mitumba si kimbilio la asiye na fedha za kununua kipya. Kwa sehemu kubwa ya fasihi yetu hapo ndipo mahali pekee inapouzwa, na anayetaka kusoma vizuri wikiendi hii aanzie hapo.

Ilikuwaje mambo yakafika huko? Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, lawama huelekezwa kwa wasomaji: Waswahili hawasomi. Mimi naona ni vyema kwanza kuwatazama wachapishaji. Riwaya zilizoandikwa kati ya miaka ya hamsini na ya themanini zilitoka katika nyumba chache, na nyingi kati ya nyumba hizo zimeanguka au zimebadilika zisitambulike. East African Literature Bureau ilianzishwa 1948 chini ya serikali za kikoloni. Ndiyo iliyoendesha shindano la hadithi la 1957 na 1958 ambalo Muhammed Said Abdulla, mhariri wa magazeti wa Zanzibar, alishinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Ikakitoa kitabu hicho 1960, ikatoa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla 1965, na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi 1971. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Bureau nayo ikavunjika. Kenya ikapata Kenya Literature Bureau, na orodha ya vitabu iliyokuwa ya nchi tatu ikawa kama mali ya mirathi isiyogawanywa. East African Publishing House ya Nairobi, iliyoanzishwa 1965 na kutupatia Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed na Kichwamaji ya Kezilahabi, nayo ilianguka. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa 1966 na iliyowahi kuwa na sauti kubwa barani kote, iliingia miaka ya tisini ikiwa hoi. Wakawapo pia waandishi waliojichapisha wenyewe: Elvis Musiba na Continental Publishers yake, Ben Mtobwa na Heko. Kampuni ya namna hiyo ilitegemea miguu ya mwenyewe, na Mtobwa alifariki 2008, Musiba 2010. Kitabu cha Kiswahili, basi, mara nyingi hakikufa kwa kukosa msomaji. Kilifiwa na mchapishaji.

Maduka nayo yalikuwa yamefungwa kamba moja na shule. Kwa miongo mingi kitabu cha kiada ndicho kilicholipa kodi ya pango, na riwaya ya ziada ilipata nafasi kwa sababu kiada kilikuwa kimeshalipa. Kamba hiyo imekatwa kidogo kidogo. Mwaka 2013 Tanzania iliirudishia Taasisi ya Elimu kazi ya kuandaa vitabu vya kiada. Mwaka huohuo sheria mpya ya kodi nchini Kenya iliweka VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu. (Mtu mwenye kupenda kinaya akumbuke kuwa itifaki ya kimataifa ya 1976, inayohimiza vitabu vivuke mipaka bila ushuru, ilipitishwa Nairobi na inaitwa kwa jina la jiji hilo.) Kuanzia 2018 serikali ya Kenya ikaanza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja mashuleni, ikiyaruka maduka. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na nyingine zilikuwa nzuri kwa mwanafunzi. Matokeo yake kwa rafu ya msomaji huru ni kwamba imezidi kuwa fupi, kwa maana mwenye duka aliyepoteza mauzo ya shule hawezi kumhifadhi Katalambulla kwa ajili ya mteja mmoja wa mwezi.

Sasa tazama upande wa pili, jinsi kitabu kinavyofika kwenye turubai. Hakiagizwi. Kinatupwa, kinarithiwa, kinahamishwa. Mzee aliyekuwa mwalimu anafariki, watoto wanagawana vyombo, na sanduku la vitabu halina wa kulitaka. Mtumishi anapata uhamisho na lori halina nafasi. Mwanafunzi anamaliza chuo na anahitaji nauli. Mgeni aliyefanya kazi ya mkataba anaondoka. Juu ya hayo kuna marobota ya vitabu kutoka ng'ambo na karatasi chakavu zinazouzwa kwa kilo. Katika karatasi hizo mshindani mkubwa wa muuza vitabu si duka la kioo bali ni muuza karanga, maana kurasa za kitabu kikuukuu ndizo zinazokunjwa kuwa pakiti, na ukurasa mmoja wa riwaya unatosha karanga za kula njia nzima. Tusiuchukulie mzaha ushindani huu. Pale stoo muuza vitabu anaponyoosha mkono na kutenga kitabu kimoja kutoka katika lundo linalokwenda kufungia karanga, amefanya uamuzi ambao kwingineko hufanywa na mkutubi mwenye shahada. Anaufanya kwa jicho la biashara, kwa kutazama jalada, unene na jina, na mara nyingi anakosea. Lakini hakuna mwingine anayeufanya.

Mitaala nayo humwaga vitabu mezani kwa mawimbi. Kitabu kinapotoka kwenye orodha ya mtihani, maelfu ya nakala hukosa kazi kwa msimu mmoja. Bei inaanguka, meza zinafurika. Ikipita miaka kumi, kitabu hichohicho kinageuka adimu, kwa sababu mchapishaji ameacha kukichapa na nakala za awali zimeshatoka kurasa. Utengano ya Said Ahmed Mohamed imepitia mkondo huo, na Siku Njema ya Ken Walibora pia. Msomaji mjanja hununua wakati wa mafuriko. Na asichukizwe na penseli ya mwanafunzi pembeni mwa kurasa: "maudhui", "kinaya", "umuhimu wa mhusika", mstari mwekundu chini ya kila methali. Maandishi hayo ni ushahidi wa jinsi kizazi kilivyofundishwa kusoma, na mara mojamoja, katikati ya kinaya na maudhui, utakuta neno moja la ukweli ambalo halikuwa la kumridhisha mwalimu.

Pingamizi la kwanza linakuja lenyewe. Atakayesema kuwa meza hizo zimejaa Kiingereza anasema kweli. Pita pembezoni mwa Barabara ya Tom Mboya Nairobi, au maeneo ya Posta na Kariakoo Dar es Salaam: juu kabisa ni Robert Kiyosaki na wenzake wanaofundisha utajiri, kisha Sidney Sheldon, Danielle Steel, James Hadley Chase, kisha vitabu vya uhasibu vya matoleo yaliyopitwa na wakati. Kwa macho ya haraka, biashara hii ni jalala la maktaba za wengine. Lakini mpangilio huo ndio unaomfaa mwindaji. Muuzaji huweka juu kile anachojua bei yake. Kijitabu chembamba cha Kiswahili, kilichochapwa kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai, jalada limetoka, hajui bei yake. Anakisukuma chini, au anakitumia kuziba pengo ili rundo lisiyumbe. Hivyo chini ya Kiyosaki yupo Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na aghalabu anauzwa kwa bei ndogo kuliko Kiyosaki. Sitaki kusema hali hii ni ya haki. Nasema tu kwamba anayechambua kwa kuanzia chini humaliza mapema, na pengine hurudi nyumbani na nauli.

Anayechambua, basi, atafute nini? Aanze na huyo Bwana Msa, kwa sababu anasomeka kwa siku mbili bila kumsumbua mtu. Wengi humwita Sherlock Holmes wa Zanzibar, kwa kiko chake na rafiki yake Najum, na mfano huo una ukweli wake, ila unamdhulumu Muhammed Said Abdulla. Kinachoshikilia riwaya zake ni maneno ya watu: nani kasema nini barazani, nani kanyamaza, nasaba gani imefichwa na kwa nini. Siri nyingi kwake ni siri za ukoo, na anayezifumbua ni mtu anayesikiliza kuliko anayepima nyayo. Kiswahili chake ni cha Unguja kisichoomba radhi. Mzimu wa Watu wa Kale ndiyo mlango. Kisima cha Giningi ya 1968 inafuata, na Duniani Kuna Watu ya 1973 ni ya atakayekwisha kunasa. Ukikosa hizo, Simu ya Kifo ya Katalambulla itakupa upelelezi wa Bara, wenye kasi na jiji, mwepesi zaidi wa lugha. Mtu anayezisoma hizo mbili wikiendi moja ataona jinsi aina moja ya hadithi ilivyokaa tofauti visiwani na bara ndani ya miaka mitano tu, jambo ambalo mwongozo wa mtihani haumwambii.

Kisha kuna wale ambao walimu wetu waliwaita waandishi wa vitabu vya mitaani, kwa sauti ya kuonya. Willy Gamba wa Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, na Joram Kiango wa Mtobwa ni majasusi na wapelelezi wa risasi, magari na wanawake warembo kupita kiasi. Hapa sina haja ya kutetea kila ukurasa. Wanawake wa riwaya hizo wamechorwa kwa mkono mzito, na mashujaa hawachoki wala hawakosei shabaha. Ila nani mwingine aliyeandika, kwa Kiswahili cha haraka kinachofunguka kama gazeti, hofu na fahari ya Dar es Salaam iliyokuwa kambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika? Anayeandika historia ya hisia za mji huo miaka ya sabini na themanini bila Musiba atakuwa anaandika kutoka kwenye hotuba. Vitabu hivi vilisomwa hadi vikaisha, na hiyo ndiyo sababu nakala nzima ni ngumu kupatikana: hazikukaa kabatini zikingoja, zilipita mkono kwa mkono ndani ya mabasi.

Kwa atakaye uzito, kuna Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979, inayosimama juu ya mgomo wa kweli wa wachukuzi wa bandari ya Zanzibar wa 1948. Riwaya ya wafanyakazi mara nyingi huwa ngumu kumeza kwa sababu mwandishi anamtumia mhusika kama kipaza sauti. Shafi naye hana usafi kamili katika hilo, lakini anajua gunia lina uzito gani mgongoni, na kurasa zake za bandarini ndizo bora. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, inamalizika alasiri moja. Wengi walilazimishwa kuisoma wakiwa na miaka kumi na sita, umri ambao mtu hajawahi kushtakiwa kwa kusema jambo la kweli. Waisome tena wakiwa na kazi na mabosi, wataona ni kitabu kingine. Kichwamaji ni bora isomwe Jumamosi asubuhi, si Jumapili usiku. Kezilahabi aliandika kitabu cheusi kweli, na Kazimoto wake si mgeni mzuri wa kulala naye kabla ya Jumatatu.

Tafsiri nazo zisisahaulike, kwa kuwa ndizo zinazodharauliwa zaidi mezani. Mwaka 1976 Heinemann ilitoa Wema Hawajazaliwa, riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana ikiwa katika Kiswahili cha Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyekuwa ametoka gerezani miaka minne tu kabla, na ambaye Sauti ya Dhiki yake, mashairi ya humo gerezani, ilitoka 1973. Ufisadi wa Ghana unanuka zaidi katika Kiswahili hicho kuliko utakavyotarajia. Shujaa Okonkwo, iliyotokana na riwaya maarufu ya Chinua Achebe, ilitoka 1973. Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, na Mabepari wa Venisi ya 1969 inafaa kutafutwa hata kwa ajili ya jina tu: mtafsiri ambaye Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili mkononi mwake hakuona sababu ya kuwaita watu wale wafanyabiashara.

Lakini kitabu ambacho ningemshauri mtu atoe fedha ya nauli akipate ni kile cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alikimaliza 1945, kwa Kikerewe. Wachapishaji hawakukitaka. Akakaa, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka Tanzania Publishing House mwaka 1980 kwa juzuu mbili, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Hadithi yenyewe inaanza kwa jambo dogo kabisa: mume na mke wasio na mtoto, wanaopendana, wakwe wamemchukua mke, na mume lazima atafute pombe ya ndizi ya kulipa ili mkewe arudi. Kuanzia hapo tunapelekwa taratibu, taratibu mno kwa msomaji wa haraka, katika ulimwengu mzima wa Wakerewe: jinsi ya kusalimia, kulima, kuvua, kuuguza, kuzika. Haiishi wikiendi moja, na asiyependa maelezo marefu atachoka. Mimi naiona kuwa riwaya kubwa kuliko zote zilizowahi kupitia Kiswahili, na ni jambo la aibu kwamba juzuu zake huonekana kwa nadra hata kwenye turubai. Ukikuta moja bila mwenzake, inunue hivyohivyo.

Hapa litaingia pingamizi zito: mwandishi anapata nini? Kitabu cha mitumba kinapouzwa, senti haifiki kwa aliyekiandika wala kwa warithi wake. Uingereza imekuwa na sheria tangu 1979 ya kumlipa mwandishi kitabu chake kinapoazimwa maktaba. Sisi hatuna kitu kama hicho kwenye turubai, na hata huko Uingereza maduka ya mitumba hayalipi. Nalikubali pingamizi hili kwa nusu. Kwa kitabu ambacho bado kinachapwa, kununua nakala kuukuu wakati mpya ipo na fedha unazo ni kumnyima mwandishi chakula chake. Asiyejua hilo hana haki ya kujiita mpenda vitabu. Shaaban Robert amechapishwa upya na Mkuki na Nyota, nyumba aliyoianzisha Walter Bgoya baada ya kuiongoza Tanzania Publishing House, kanunue huko. Lakini kitabu kisichochapwa hakina mauzo mapya ya kuibiwa. Zaidi ya hapo, sheria zetu humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kazi za Mtobwa zitalindwa hadi mwisho wa 2058, na hadi wakati huo hakuna wa kuzichapa bila ridhaa ya warithi. Ulinzi huo ni wa haki. Ila kwa kitabu kisicho na mchapishaji unamaanisha kuwa, kwa miongo mizima, msomaji ana njia mbili tu: nakala kuukuu, au hakuna. Na siku mchapishaji atakapokubaliana na warithi, atahitaji kitu cha kuchapia. Vitabu vya enzi hizo havina faili la kompyuta. Kitahitajika kitabu chenyewe, chenye kurasa zote, na kwa uwezekano mkubwa kitatoka kwa mtu aliyekiokota mezani.

Pingamizi jingine ni la wizi, na hili halina nusu. Meza hizohizo huuza nakala za kughushi, hasa za vitabu vya mtihani na vya wanaofundisha utajiri. Mnunuzi hawezi kujitetea kuwa hakujua, maana dalili ziko wazi. Kitabu cha mitumba huja peke yake; ukiona nakala kumi za kitabu kimoja, zote safi, zote ukubwa mmoja, zimepangwa kama matofali na zinaitwa mitumba, hizo hazikutoka kabatini kwa mtu. Jalada lenye picha iliyofifia kama iliyopigwa kupitia kioo cha basi, gundi iliyofura, mistari inayozama kwenye mshono: rudisha. Kuna wizi wa pili usiosemwa sana, wa maktaba. Muhuri wa maktaba ndani ya kitabu si kosa lenyewe, kwa kuwa maktaba huondoa vitabu vyake, na maktaba nyingi za shule na taasisi zimefungwa. Muhuri usio na alama yoyote ya kuondolewa, wa maktaba ambayo bado iko wazi mtaa wa tatu, ni habari nyingine. Hicho kirudishe kwa mwenyewe, hata kama muuzaji ataona wewe ni mwendawazimu.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii yote ni ya maktaba. Ingekuwa hivyo ningefurahi. Bureau ile ya 1948 ilikuwa na huduma ya kuazimisha vitabu kwa posta na kwa masanduku yaliyosafiri vijijini. Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam Desemba 9, 1967, siku ya Uhuru, na kuchagua siku hiyo kulikuwa na maana. Nairobi, maktaba ya McMillan ya 1931 na matawi yake ya Kaloleni na Makadara yamekuwa yakifufuliwa na Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017. Hizo zote ni kazi za kushukuriwa. Tatizo ni kuwa kitabu adimu kikiingia maktaba kubwa hugeuka cha marejeo: kinasomewa mezani, chini ya macho ya mkutubi, hakitoki. Ni sawa kabisa kwa mtafiti. Kwa mtu ambaye muda wake ni Jumamosi jioni akiwa nyumbani na watoto wakicheza uani, kitabu kisichotoka hakimsaidii. Vivyo hivyo kwa wale wa PDF za WhatsApp. Mbali na uharamu wa nyingi kati yake, zinazosambaa ni za vitabu ambavyo tayari vina majina. Ili utafute kitabu kwenye intaneti lazima kwanza ujue kimewahi kuwapo, na msomaji aliyefundishwa orodha ya mtihani pekee hajui kwamba kulikuwa na Katalambulla. Turubai halimwulizi jina. Anainama kutafuta kitabu cha uhasibu, anainuka na Simu ya Kifo.

Jambo moja la mwisho linahusu utawala wa miji kuliko fasihi. Mwishoni mwa 2021 machinga wa Tanzania waliondolewa pembezoni mwa barabara na kupangiwa maeneo, na Nairobi huwafukuza na kuwarudisha wachuuzi wake kwa zamu. Muuza viatu akihamishiwa soko la mbali hupoteza wateja. Muuza vitabu hupoteza biashara yenyewe, kwa kuwa hakuna anayefunga safari kwenda kutafuta kitabu asichojua kuwa kipo. Biashara hii huishi kwa mpita njia. Halmashauri zikitenga mita chache za kivuli karibu na kituo cha basi, maktaba au chuo, kwa wauza vitabu peke yao, hazitatumia fedha yoyote inayostahili kuitwa bajeti.

Kwa wikiendi hii, nenda Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, na uanze kuchambua chini. Ukikuta Mzimu wa Watu wa Kale, usingoje kupatana bei sana. Na ukikuta jina la mtu limeandikwa kwa wino ukurasa wa kwanza, pamoja na mwaka na mji, usilifute; andika lako chini yake.